Amana ya Mwenyeji: Mgeni Asomaye Mto Wetu Anadaiwa Nini?

Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" tumeifundisha kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi huieleza kwa namna ile ile: mgeni akifika kuku huchinjwa, na mwenyeji ambaye siku zote hula mboga za majani naye hupata kitoweo. Maelezo hayo hayana kosa. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye methali hii haijapimwa kwake ipasavyo, naye ni kijana wa chuo kikuu atokaye nchi za mbali, aletwaye na mkufunzi wake hadi ukingoni mwa mto wetu ili ajifunze jinsi milima, mvua, udongo, samaki na watu wanavyotegemeana. Kijana huyu hukaa wiki tano au sita. Hupima, huuliza, huandika. Kisha hurudi kwao, na yale aliyoyaandika humsaidia kupata shahada. Kuku amechinjwa, hapana shaka. Swali letu ni hili: mwenyeji amepona nini? Na ikiwa hakupona, je, ana haki ya kumdai mgeni wake?

Twalileta swali hili mbele ya walimu wenzetu wa Kiswahili, wala si mbele ya wataalamu wa maji, kwa sababu ambayo itadhihirika tukiendelea.

Kazi yetu ni kufundisha Kiswahili mjini Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Msomaji aliye mbali na hapa atuvumilie tumweleze ziwa hili kidogo, maana pasipo kulijua hoja yetu haitakuwa na pa kusimama. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake hufikia mita 1,470. Ulimwenguni kote ni ziwa Baikal peke yake linalolipita kwa kina. Nchi nne zimelizunguka: Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo. Mito iingiayo ni mingi, mikubwa yao ikiwa Rusizi na Malagarasi, lakini utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, nao huondoa sehemu ndogo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Sasa mvuke hauchukui udongo, wala hauchukui takataka za miji. Mito ikishayateremsha hayo, yamefika. Hayana njia ya kwenda mbele.

Ukitoka Bujumbura ukashika njia ya Rumonge, ziwa liko mkono wa kulia, milima iko mkono wa kushoto, na kati yao hapana nafasi kubwa. Mito ya pande hizi ni mifupi na mikali. Mvua ikinyesha mlimani asubuhi, alasiri maji yaliyo mbele ya mdomo wa mto yamekwisha kuwa mekundu. Miteremko ambayo zamani ilifunikwa na miti leo ina mihogo na maharage, na michikichi huko chini, kwa kuwa watu wameongezeka ilhali ardhi haikuongezeka. Udongo uliokosa mizizi ya kuushika hushuka, ukaenda kutulia juu ya mawe ya kando ya ziwa. Na mawe hayo si mawe tu. Ndiyo malisho, na ndiyo malezi, ya samaki wadogo wa rangi nyingi ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Hula utelezi wa kijani uotao juu ya jiwe, na katika nyufa zake hulea watoto wao. Jiwe likifunikwa na tope, nyumba na shamba vimezikwa pamoja. Mwaka 1993 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walitangaza matokeo ya kulinganisha sehemu za ziwa ambazo milima yake haijaharibiwa sana na zile ambazo milima yake imelimwa ikabaki wazi. Penye tope jingi, aina za samaki na za wadudu wadogo wa majini zilikuwa chache zaidi.

Hilo ni la udongo. La pili ni la joto. Kila mwaka, tangu Mei hadi Septemba, upepo wa kusini hulivuruga ziwa, na kule kuvurugwa hupandisha juu rutuba iliyolala vilindini. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea ikalisha wadudu, wadudu wakalisha ndagala, ndagala wakalisha mukeke, na mukeke akatulisha sisi. (Ndagala ndio dagaa wa ndugu zetu wa Kigoma, na kapenta wa ndugu zetu wa Zambia, na mukeke, watu wa Kigoma humwita mgebuka. Samaki ni wale wale.) Lakini maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, yakakataa kuchanganyika na yale ya chini yaliyo baridi na mazito. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba kwa sababu hiyo uzalishaji wa ile mimea midogo huenda ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo waweza kumaanisha asilimia 30 hivi ya mavuno ya samaki.

Sasa tuungame. Haya yote tuliyoyaandika hapo juu hatukuyajua kwa kuzaliwa kando ya ziwa. Wala hatukufundishwa shuleni. Tuliyapata kwa wageni.

Wageni wa kulisoma ziwa hili si wa jana. Burton na Speke walifika Februari 1858, na inafaa mwalimu wa lugha akumbuke jinsi maneno yalivyosafiri: Speke alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akayageuza maneno hayo kuwa Kiswahili. Katika miaka ya 1890 alikuja Mwingereza J. E. S. Moore, akafuata habari za kiwavi wa maji, yule mdudu laini kama uji ambaye kwa kawaida ni wa baharini. Akashika kwamba ziwa hili zamani lilikuwa sehemu ya bahari kuu. Alikosea. Wabelgiji walifanya msafara wao wa utafiti mwaka 1946 na 1947. Tangu mwaka 1998 palikuwa na Mradi wa Nyanza mjini Kigoma, nao tunautaja kwa heshima, kwa kuwa haukuwaleta vijana wa Marekani peke yao: uliwaketisha pamoja na vijana wa nchi zinazolizunguka ziwa, wakafundishwa pamoja kupima na kuandika. Wengi walikuja kwa njia nyingine, makundi madogo ya vyuo mbalimbali, msimu mmoja au miwili, kisha wasionekane tena.

Kundi moja la namna hiyo ndilo lililotutia katika mashaka ambayo yametufanya tuandike.

Ilikuwa mwaka 2013. Tuliombwa kuwafundisha wanafunzi sita wa chuo kimoja cha ng'ambo, asubuhi Kiswahili, na alasiri kufuatana nao kando ya ziwa ili tuwe wakalimani. Tuseme wazi kwamba walikuwa vijana wema. Walikula walichopikiwa, waliamkia wazee, walichukua ndoo zao wenyewe. Katika mwalo mmoja kusini ya mji tulikutana na mzee aliyevua kwa zaidi ya miaka arobaini. Binti mmoja wa kundi lile akamwuliza maswali yake: maji ya mdomo wa mto yalianza lini kuwa mekundu hivi? Ni samaki gani waliokuwapo ambao hawaonekani tena? Mukeke huzalia wapi? Mzee akajibu yote. Alichora kwa kijiti mchangani, akahesabu misimu kwa vidole, akawaita wazee wenzake wamkumbushe. Jioni mbili zikapita namna hiyo. Jioni ya pili aliweka chini wavu aliokuwa akiutengeneza, akasema:

"Mwalimu, mwulize binti yangu nami swali langu. Walikuja wengine kabla yao, wakachota tope la chini ya ziwa katika mabomba marefu. Walikuta nini?"

Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Tope la ziwa hutulia tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu, na mwenye elimu akilichota kwa bomba huweza kusoma humo mambo ya mamia ya miaka: lini mlima ulivuliwa miti, lini samaki walikuwa wengi. Mzee hakujua jinsi linavyosomwa, lakini alikwisha kufahamu kwamba linasomwa.

Nasi tulifanyaje? Tulimgeuzia binti hivi: mzee anauliza kama wengine wamewahi kuja kabla yenu. Binti akajibu kwa furaha kwamba naam, wamekuja, na maandishi yao ameyasoma, nayo ni ya thamani kubwa. Tukamgeuzia mzee: "Anasema majibu yatakuja."

Huo ulikuwa uongo, na ulikuwa wetu, si wa binti. Dereva alikuwa akipiga honi. Hatukutaka mgeni aaibike mbele ya wazee. Na zaidi ya hayo, tuliogopa kwamba binti akijibu kwa kirefu hatutakuwa na maneno ya Kiswahili ya kumfikishia mzee jibu lake. Mzee alinyamaza kidogo. "Haya," akasema, "tutangoja."

Huenda msomaji akaona tunalikuza jambo dogo. Twende basi kwenye hoja zenyewe, maana watu waadilifu wametupinga, na baadhi ya maneno yao ni mazito.

Wa kwanza husema kwamba elimu ni mali ya wanadamu wote. Aliyepima joto la ziwa amewapimia wote, na haijuzu kumdai fidia kama aliyekata mti wa mtu. Twakubali nusu ya neno hilo. Lau wageni wasingekuja, yale ya mwaka 1993 na ya mwaka 2003 yasingejulikana, nasi tungali tunalaumiana mwaloni kwa habari ya nyavu tu. Lakini mali ya wote iliyofungiwa katika lugha ambayo baadhi ya wenye mali hawaisomi, kwa mvuvi wa Rumonge ina tofauti gani na mali ya mtu mmoja?

Wa pili alikuwa mwalimu mwenzetu, naye alituuma zaidi. "Watoto wetu," alisema, "huenda Ulaya wakasoma habari za udongo wa huko. Umesikia mkulima wa Ubelgiji akiwadai ripoti? Mwanafunzi amekuja kujifunza. Bado hana cha kutoa." Tulikaa na hoja hiyo siku nyingi. Mwishowe tuliona kwamba tofauti haimo katika tabia ya mgeni, imo katika njia ya kurudi. Mkulima yule hana haja ya kudai, kwa sababu yako magazeti ya kilimo katika lugha yake, ziko ofisi, uko mkutano wa wakulima. Kilichopatikana katika shamba lake kitamrudia hata kama mgeni amesahau jina lake. Mvuvi wetu hana barabara hiyo. Aliyemwuliza akiondoka, ameondoka na barabara. Kwa hiyo wajibu ambao kwa wenzake umebebwa na nchi nzima, kwake humwangukia yule kijana mmoja mwenye daftari. Si haki kamili kwa kijana, twakiri. Lakini ndivyo mzigo ulivyokaa.

Walio wengi hudhani kwamba alichotoa mzee ni zawadi, na zawadi hailipwi, hushukuriwa tu. Sisi twaona neno lifaalo hapa si zawadi, ni amana. Mtu akikupa zawadi, hatima yake haimhusu tena. Akikuwekea amana, ungali umeshika kitu chake. Maarifa aliyoyatoa mzee mchangani yangali yakimhusu, tena kwa namna inayoweza kumdhuru. Tafakari: alionyesha samaki wanakozalia. Kesho mtu mwenye mamlaka aweza kuyasoma hayo akafunga mahali pale. Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi katika ziwa hili ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Hatusemi kufunga ni kosa. Yamkini ni lazima. Twasema tu kwamba miezi mitatu bila ndagala ni miezi mitatu bila ada ya shule, na mtu anayepewa miezi hiyo mitatu ya kufunga mkanda anastahili kusikia kwanza sababu yake, hasa ikiwa sehemu ya sababu hiyo ilitoka kinywani mwake.

Na hapo pana jambo ambalo mzee angelipenda mno kulisikia. Mwaka 2016 Cohen na wenzake walitangaza kilichosomwa katika mabomba ya tope: kwamba samaki walikuwa wameanza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne ya ishirini, na kwamba kupanda kwa joto la maji ni sababu mojawapo kubwa. Maana yake ni nini kwa mvuvi? Kwamba si yeye peke yake mwenye hatia. Miaka yote hiyo ameambiwa na kila ofisa apitaye kwamba nyavu zake ndizo zilizomaliza samaki. Nyavu zina sehemu yake, na wataalamu hawakulikana hilo. Hata hivyo, kumficha mshitakiwa ushahidi unaompunguzia lawama, ilhali ushahidi wenyewe umechotwa chini ya mtumbwi wake, ni jambo ambalo mahakama yoyote ingeliita dhuluma.

Mataifa yamekwisha kuligusa suala hili kwa sheria. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 yataka faida zitokanazo na rasilimali za kijenetiki, yaani mbegu na asili za viumbe, zigawiwe kwa haki pamoja na wenye nchi, na yataja pia maarifa ya wenyeji yahusuyo rasilimali hizo. Ni hatua njema. Lakini tope si mbegu, na swali la mzee mwaloni halina kifungu.

Turudi sasa kwa walimu wa Kiswahili, maana tuliahidi. Tulisema kwamba tulikosa maneno. Je, yalikosekana kweli? Tulipotulia tulianza kuyatafuta, na tuliyoyaona yalitutia haya. Eneo lote ambalo mvua yake hukusanyika na kuteremkia mto mmoja, tulikuwa tukilizungukazunguka kwa sentensi ndefu. Kumbe watu wa maji wa Tanzania wana neno kidakio, kutokana na kudaka. Mlima hudaka mvua. Mtoto wa darasa la tatu angelielewa. Utafiti wa nje ya darasa huitwa wa nyanjani, nasi tulifurahi, kwa kuwa nyanja ni uwanda wa elimu na nyanja ni ziwa vile vile. Maendeleo endelevu ni neno gumu zaidi. Liliundwa ili kufuata fikra iliyoenezwa na ripoti ya tume ya Bibi Brundtland ya mwaka 1987: walio hai wakidhi haja zao bila kuwanyang'anya wasiozaliwa uwezo wa kukidhi zao. Sikio la kawaida husikia humo "maendeleo yanayoendelea", yaani barabara nyingine na jengo jingine. Tulipomweleza mama mmoja anayeanika ndagala kwenye vichanja, alisema, "Basi si kula ukibakiza?" Hatuwezi kuandika "kula ukibakiza" katika mtihani wa taifa. Tunasikitika kidogo kwamba hatuwezi.

Kwa hiyo lugha haikutunyima maneno. Ni sisi tuliokuwa hatujayatafuta. Mkalimani hukaa mlangoni mwa amana. Inapoingia hupita mikononi mwake, na isipotoka aulizwe naye. Ndiyo maana hatuna haki ya kuandika makala ya kuwalaumu vijana wa ng'ambo na kuishia hapo. Binti yule hakulisikia swali la mzee mpaka leo.

Mwaka 2024 tulikwenda tena mwaloni. Ziwa lilikuwa limepanda mno. Miaka hiyo liliwatoa watu wengi nyumbani mwao huko Gatumba na kwingineko, na mchanga ule aliouchora mzee kwa kijiti ulikuwa chini ya maji. Vichanja vilikuwa vimehamishwa hadi karibu na barabara. Mzee tulimkuta, hatoki tena usiku na karabai, ila wavu bado anautengeneza. Tulimwamkia, tukamwambia kwamba mwaka ule tulimdanganya. Alicheka, akasema alijua, kwani jibu la binti lilikuwa refu na la mwalimu lilikuwa fupi.

Tukaketi, tukamweleza yote: tope na mawe, upepo wa kusini na maji mazito yasiyopanda, kurasa za tope na kilichosomwa humo. Tulisitasita mara nyingi. Tulipokwama kwenye neno la maji ya juu yasiyochanganyika na ya chini, alitusaidia yeye, akasema ziwa "limelala", na kwamba baba yake naye alilisema hivyo hivyo miaka ambayo upepo ulichelewa. Tulipofika kwenye habari ya mlima na kidakio alituzuia kwa mkono.

"Hayo ya udongo," akasema, "sisi wa chini mmetuambia. Na wale wa juu wanaolima, wameambiwa?"

Hatukuwa tumewaambia. Wa juu husema Kirundi, na daftari letu lote lilikuwa la Kiswahili.